Uhamishaji na Utunzaji wa Injini za Mvuke za Kihistoria: Uzoefu wa Makumbusho ya Reli ya Nairobi na Nafasi ya Mwanza

Utangulizi

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Tangu hapo pamba ya Usukuma haikuhitaji tena kuvushwa ziwani hadi Kisumu ndipo ipande treni ya kwenda Mombasa, bali iliweza kuteremka moja kwa moja hadi Dar es Salaam kupitia Shinyanga, Tabora na Dodoma. Kwa zaidi ya miaka hamsini kazi hiyo ilifanywa, kwa sehemu kubwa, na injini za mvuke. Hata hivyo, anayetaka leo kuiona injini ya aina iliyofanya kazi katika reli za Tanganyika, ikiwa na boila lake, tenda lake na kibao cha jina lake, hana budi kuvuka mpaka hadi Nairobi. Huko, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lingali hai, ndiko zilikohifadhiwa mashine ambazo ni urithi wa nchi tatu.

Makala haya yanafafanua mambo mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, ingawa kiutendaji hayatenganiki, yaani namna injini ya mvuke ya kihistoria inavyotunzwa na namna inavyohamishwa. Hoja inayojengwa ni kwamba njia ya reli inayoifikia makumbusho ni sehemu ya kifaa kinachohifadhiwa, na kwamba kwa mji kama Mwanza, ambako reli ya zamani na reli ya kisasa sasa zinaishi jirani, muda wa kuamua nini kihifadhiwe na kipitishwe wapi ni mfupi kuliko inavyodhaniwa.

Mashine zenyewe na majina yake

Miongoni mwa injini zilizomo Nairobi, zinazovuta macho ya wageni zaidi ni mbili za daraja la 59, yaani namba 5918 "Mount Gelai" na namba 5930 "Mount Shengena". Injini 34 za daraja hilo zilijengwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, kati ya mwaka 1955 na 1956, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani tani 252 ikiwa tayari kwa kazi, na hakuna injini nyingine ya mvuke iliyowahi kujengwa kwa reli ya upana wa mita moja iliyozizidi kwa nguvu. Inafaa kukumbusha kwamba Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Kwa hiyo injini hizi mbili, ambazo makazi yake ya kazi yalikuwa njia ya Mombasa hadi Nairobi, zinabeba majina ya milima ya Tanzania, nchi ambayo reli zake nyingi zisingeweza hata kuustahimili uzito wake wa tani 21 kwa kila ekseli ya kuendeshea.

Kwa mtafiti wa historia ya reli ya Tanganyika, muhimu zaidi huenda zikawa mashine zenye umbo dogo. Namba 3020 "Nyaturu" ni ya daraja la 30, lililoundwa na North British Locomotive Company ya Glasgow katikati ya miaka ya 1950. Daraja hilo lilitokana na daraja la 29, ila lilipewa tenda kubwa zaidi ili liweze kuvuka maeneo makame ambako vituo vya maji viko mbalimbali, na jina la Wanyaturu, watu wa Singida, linaonesha mahali lilikokusudiwa kutumika. Namba 6006, ya daraja la 60, ilibuniwa kwa ajili ya reli nyepesi na ilipewa jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika kati ya mwaka 1934 na 1938. Daraja lote la 60 lilipewa majina ya magavana, na baada ya uhuru vibao vyake viling'olewa. Majina ya milima na ya makabila yaliachwa. Kitendo hicho cha kung'oa vibao ni historia kama ilivyo kitendo cha kuvibandika, na mhifadhi anayerudisha kibao cha gavana kwenye injini anapaswa kujua kwamba anachagua mwaka mmoja wa maisha ya mashine na kuifuta miaka iliyofuata.

Daraja la 59 na la 60 ni za muundo uitwao Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeusajili mwaka 1907. Katika muundo huu boila hukaa juu ya fremu ya katikati isiyo na magurudumu. Fremu hiyo hubebwa na mikokoteni miwili ya injini, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja ukiwa na silinda na magurudumu yake, na huungana nayo kwa mihimili inayozunguka. Hivyo mashine ndefu hupinda kwenye kona kama mnyama mwenye viungo. Faida hiyo ya kihandisi ndiyo iliyozifanya injini za Garratt zipendwe kwenye reli nyembamba zenye kona kali na miinuko. Sifa hiyohiyo, kama itakavyoonekana, ndiyo inayomrahisishia mhifadhi kazi ya kuzihamisha.

Boila: kiini cha utunzaji

Katika injini ya mvuke karibu kila kitu kinaweza kusubiri isipokuwa boila. Magurudumu yakishika kutu hung'arishwa, silinda ikikwaruzwa huchongwa upya, lakini boila lililodhoofika ni hatari kwa maisha ya watu. Boila la daraja la 59 hufanya kazi kwa shinikizo la pauni 225 kwa inchi ya mraba. Katika shinikizo hilo maji yaliyomo ndani huwa na joto la takribani nyuzi 200 za Selsiasi na bado ni maji. Chuma kikipasuka, shinikizo huporomoka ghafla na sehemu kubwa ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja. Ndiyo sababu mafundi wa zamani walimwogopa dereva asiyeangalia kioo cha maji kuliko dereva mwenye mwendo wa kasi.

Sehemu iliyo hatarini zaidi ni paa la tanuri la moto. Upande mmoja paa hilo hupigwa na mwale wa moto, na upande wa pili hufunikwa na maji yanayolipoza. Maji yakishuka chini yake hata kwa dakika chache, chuma hulainika na kuvimba kuelekea chini. Kinga ya mwisho ni vizibo vyenye kiini cha risasi vilivyofungwa kwenye paa. Joto likizidi, risasi huyeyuka, na mvuke unaopenya huwaonya wahudumu. Katika injini ya makumbusho vizibo hivyo havipaswi kuachwa kwa sababu tu vinaonekana vizima, kwa kuwa risasi iliyokaa miaka mingi hubadilika na kuota tabaka gumu juu yake, na kizibo kisichoyeyuka kinapotakiwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho kabisa.

Kuta za tanuri na za boila hushikanishwa na mamia ya bolti fupi. Bolti hizi hukatika kimyakimya. Wahandisi wa zamani walibuni njia rahisi ya kuligundua hilo: bolti hutobolewa tundu jembamba katikati kutoka nje, hivyo ikikatika ndani, mvuke hutokea tunduni na kuisaliti. Rangi nzito inayopakwa ili injini ipendeze machoni mwa wageni huziba matundu hayo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ni mfano mzuri wa namna utunzaji wa sura unavyoweza kuuharibu utunzaji wa uhai wa mashine.

Ukaguzi wa boila la kihistoria hufuata ngazi. Kwanza huoshwa ndani, magamba ya chumvi na matope yakatolewa kupitia milango midogo ya kuoshea. Kisha unene wa mabati hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, hasa sehemu ya chini ambako matope hutua na kutu huchimba vishimo. Mirija ya moshi, inayopitisha hewa ya moto ndani ya maji, hutolewa yote pale ambapo ndani ya pipa hapajaonekana kwa miaka mingi. Baada ya matengenezo, boila hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazi. Maji hutumika kwa kuwa hayabanwi kama hewa au mvuke, hivyo boila likifeli huvuja tu bila kulipuka. Hatua ya mwisho ni jaribio la mvuke wenyewe. Nchini Uingereza ni desturi boila la injini ya urithi kufanyiwa matengenezo makuu kila baada ya miaka 10 hivi, hata kama limetembea kilomita chache.

Suala la maji halihusu siku za kazi pekee. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi kidogo, ilhali maji ya visima vingi vya nyanda kame za Singida, Shinyanga na Dodoma ni magumu na yenye chumvi. Boila lililonyweshwa maji ya visima huota magamba yanayoukinga moto usiyafikie maji, na chuma huungua. Lile lililonyweshwa maji laini haliui chuma kwa magamba, bali kwa oksijeni iliyoyeyuka ndani yake, ambayo huchimba vishimo. Kwa sababu hiyo, mahali injini ilipofanya kazi ni taarifa ya kitabibu. Anayepokea injini kwa ajili ya makumbusho bila kumbukumbu za maji yake anafanana na daktari anayempokea mgonjwa bila kadi.

Injini isiyowashwa tena ina mahitaji yake. Kuna njia mbili za kulilaza boila. Katika ulazaji mkavu maji hutolewa yote, ndani hukaushwa kwa moto mdogo, trei za chokaa isiyozimwa au chembe nyingine za kunyonya unyevu huwekwa, kisha matundu yote hufungwa na trei hukaguliwa kwa ratiba. Katika ulazaji wa maji boila hujazwa pomoni kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa oksijeni, ili hewa isipate nafasi. Lililo baya kuliko yote ni boila lenye maji nusu, ambalo hakuna aliyelifikiria. Katika mwambao wa ziwa, ambako hewa ya asubuhi ina unyevu mwingi na chuma kilichopoa usiku hutoka jasho jua linapochomoza, boila la namna hiyo huliwa kutoka ndani ilhali nje linang'aa.

Yapo pia madhara ya kiafya. Injini za miaka ya 1950 zilivikwa asbesto chini ya bati la nje ili kuhifadhi joto. Kulibandua bati hilo bila barakoa maalumu, bila kulowesha na bila mahali pa kuzikia taka hizo ni kuwaachia mafundi maradhi ya mapafu yatakayojitokeza baada ya miongo kadhaa. Mradi wowote wa kuhamisha injini unapaswa kuuliza swali la asbesto kabla ya swali la kreni.

Kuihamisha injini iliyozima

Afrika Mashariki ina mfano mmoja unaofundisha mengi kuhusu kuhifadhi mashine ya mvuke kabla ya kuihama, nao hautoki relini. Meli iitwayo leo Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa, ikapakiwa katika masanduku, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa Reli ya Kati na kuunganishwa upya Kigoma, ambako iliingia majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka, wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito kabla ya kuizamisha kwa makusudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilirudi kazini. Miaka minane chini ya Ziwa Tanganyika haikuiua mitambo ile. Injini nyingi za reli zilizoachwa kwenye njia za pembeni zimeharibika zaidi zikiwa nchi kavu, kwa sababu hakuna aliyezipaka chochote siku zilipozimwa.

Injini ya mvuke iliyozima haiwezi kuvutwa kama behewa. Ikiwa hai, silinda zake hulainishwa na mafuta yanayosukumwa pamoja na mvuke. Ikivutwa bila moto, pistoni huendelea kwenda na kurudi zikiwa kavu na kukwaruza kuta za silinda. Kwa safari ya mita mia chache ndani ya karakana inatosha kumimina mafuta kwa mkono. Kwa safari ndefu, mikono mikubwa ya chuma inayounganisha pistoni na magurudumu hufunguliwa, na vali hufungwa mahali pamoja. Mikono hiyo hutiwa alama upande wa kulia na wa kushoto, hufungwa kwa turubai na kusafiri na injini yenyewe. Kupotea kwa mkono mmoja ni hasara isiyofidika, kwa kuwa Beyer Peacock ilifunga milango yake mwaka 1966 na hakuna duka la vipuri la kuagizia mwingine. Hubaki kuufua upya kutoka kwenye michoro, endapo michoro ipo.

Kinachofuata ni masanduku ya ekseli. Pale ekseli inapozunguka ndani ya madini laini, pamba au sponji inayofikisha mafuta huwa imekauka au imeliwa na wadudu. Huondolewa, uso wa ekseli husafishwa na kukaguliwa kwa mkono, kisha mafuta mapya hutiwa. Injini iliyosimama mahali pamoja miaka mingi hupata pia doa pale uzito ulipokandamiza. Kwa hiyo hata katika makumbusho tulivu kabisa, utaratibu mwema ni kuisogeza kila injini kidogo, walau robo ya mzunguko wa gurudumu, mara kadhaa kwa mwaka. Ili isogee, panahitajika reli ya kusogelea. Injini iliyopandishwa juu ya jukwaa la zege lenye vipande viwili vya reli imegeuzwa sanamu.

Ndipo huja safari yenyewe, na swali la kwanza ni uzito. Tani 252 za daraja la 59 ni pamoja na maji takribani lita 39,000 na mafuta mazito zaidi ya lita 12,000. Matangi yakiwa matupu, mashine hupungua zaidi ya tani 50, na mzigo juu ya kila ekseli hushuka kiasi cha kuyafanya madaraja fulani yapitike kwa mwendo wa polepole. Behewa lenye breki huwekwa kati yake na injini ya dizeli inayovuta, kwa kuwa breki za mashine iliyozima haziaminiki. Mafundi husafiri nayo, na kila baada ya kilomita chache msafara husimama ili masanduku ya ekseli yapimwe joto kwa kiganja. Usafiri huu ni wa polepole na hauna fahari. Hata hivyo ni nafuu mno ukilinganishwa na barabara.

Barabarani, mashine ya ukubwa huo haiwezi kwenda nzima. Hapa ndipo muundo wa Garratt unapomsaidia mhifadhi: boila na fremu yake huinuliwa kwa jeki au kreni mbili, na mikokoteni ya mbele na nyuma huvutwa kando. Zinapatikana sehemu tatu, ambazo kila moja inaweza kubebwa na trela la mitambo mizito. Injini ya kawaida yenye tenda, kama "Nyaturu", hugawanyika sehemu mbili kwa kufungua pini na mabomba yanayoziunganisha, lakini boila na magurudumu yake hubaki pamoja. Kwa vyovyote, mwisho wa safari ya barabara hulazwa mataruma na reli za muda, zikiwa sawa na kitanda cha trela, na mashine huteremshwa kwa kebo ya winchi huku kebo nyingine ikiishikilia nyuma. Ajali nyingi za kuhamisha mizigo mizito hutokea katika mita hizo za mwisho, wakati kila mtu anaamini kazi imekwisha.

Makumbusho ya Nairobi yalipata bahati ambayo makumbusho mengi hayana: yalijengwa kando ya stesheni, na njia yake iliunganishwa na reli kuu. Ndiyo maana iliwezekana namba 5918 kurejeshwa katika hali ya kutembea mwaka 2001, ikatoka kwa magurudumu yake yenyewe na kuvuta treni za watalii. "Nyaturu" nayo ilirejeshwa katika uwezo huo. Kama injini hizo zingewekwa katika bustani ya mji, mbali na reli, gharama ya kuzitoa tu ingeukatisha mradi kabla haujaanza.

Hapo huzuka mjadala wa kimaadili usio na jibu moja. Injini inayotembea hufundisha kwa sauti, harufu na joto, na huendeleza ujuzi wa mafundi, ila kila tengenezo huondoa chuma cha asili na kuweka kipya. Injini iliyotulia huhifadhi alama za patasi na viraka vya karakana za zamani, ambavyo ni ushahidi wa kazi ya mafundi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao chochote. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa viwanda unasisitiza kwamba mabadiliko yawe yanayoweza kurudishwa nyuma na kwamba yarekodiwe. Mgawanyo wa Nairobi, ambako katika daraja la 59 mashine moja iliamshwa na nyingine ikaachwa kama ilivyo, ni suluhisho la busara zaidi kuliko kanuni yoyote ya jumla. Kwa bahati mbaya, linawezekana tu pale zilipobaki mbili.

Sheria na mnunuzi wa chuma chakavu

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda moja kwa moja vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 huweka ukomo wake mwaka 1895. Tarehe zote mbili zinatangulia reli karibu yote ya Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba injini ya mvuke, hata iwe ya mwisho ya aina yake, hailindwi kwa umri wake. Hulindwa tu pale mamlaka inapotamka hivyo kwa kitendo mahususi, au pale shirika linaloimiliki linapoamua kutoiuza. Katika vitabu vya hesabu vya shirika la reli, mashine hiyo ni mali isiyozalisha, na thamani yake ni uzito wake katika bei ya chuma chakavu. Shaba ya mabomba na ya vibao huondoka kwanza, mara nyingi usiku, muda mrefu kabla ya mnada.

Mwanza, Kamanga na mwisho wa reli

Reli ya Mwanza haikuishia mjini tu, iliishia majini. Kutoka bandari ya Mwanza Kusini mabehewa yaliingizwa ndani ya meli zenye reli sakafuni, MV Umoja na MV Uhuru, zilizoanza kazi katikati ya miaka ya 1960, na yakavushwa hadi Kisumu, Jinja na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya, jambo ambalo halikosi kejeli kwa kuzingatia majina yake. Umoja ilirejea kubeba mabehewa kati ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018. Kwa ng'ambo ya Kamanga, upande wa Sengerema, reli haikufika kamwe, na shehena pamoja na abiria vimeendelea kutegemea kivuko. Kwa hiyo historia ya reli katika Ghuba ya Mwanza haiwezi kuelezwa na injini peke yake. Makumbusho yatakayojengwa hapa yakiiweka injini mbali na maji yatakuwa yamelihifadhi jibu bila swali lake.

Kwa upande wa utendaji, ukweli huohuo ni fursa. Katika eneo lote la maziwa ni bandari chache ambako kitu kizito chenye magurudumu ya reli ya mita moja kinaweza kufika kwa njia mbili, ya nchi kavu kutoka Tabora na ya majini kutoka Kisumu. Injini yenye tenda inayotenganishwa inaweza, kinadharia, kutoka Nairobi kwa reli hadi Kisumu na kuvuka ziwa ikiwa juu ya reli za meli bila kugusa lami. Kinachohitaji kukokotolewa ni mzigo wa ekseli juu ya daraja la kupakilia, ambalo lilisanifiwa kwa mabehewa, na mpangilio wa uzito sakafuni ili meli isiiname upande mmoja. Daraja la 59 halifai kwa safari hiyo. "Nyaturu", au mashine yoyote ya jamii yake, inastahili angalau kufanyiwa hesabu.

Fursa hiyo ina mwisho. Ujenzi wa reli ya kisasa ya kilomita 341 kati ya Mwanza na Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435, ilhali ya zamani ina milimita 1,000, na hakuna injini ya kihistoria ya Afrika Mashariki inayoweza kutembea juu yake. Kipande cha njia ya zamani kati ya Fela na bandari kikifunikwa na barabara au majengo, hata kwa mita mia chache tu, kila uhamishaji utakaofuata utakuwa wa trela na kreni. Kukihifadhi kipande hicho, pamoja na makutano yake na njia ya kwenda Mwanza Kusini, kunagharimu kidogo leo kwa kuwa reli na mataruma tayari yako ardhini.

Ujuzi nao una ukomo wake. Huduma ya kawaida ya injini za mvuke ilikoma Kenya mnamo mwaka 1980, na Tanzania haikuchelewa sana. Fundi wa boila aliyekuwa na umri wa miaka 25 wakati huo sasa amefikia miaka 70. Mengi anayoyajua hayamo katika michoro: sauti ya bolti nzima na iliyokatika inapogongwa kwa nyundo, rangi ya moshi inayoonesha mafuta hayaungui vizuri, muda wa kulipasha boila kubwa polepole, karibu siku nzima, ili chuma kitanuke kwa pamoja. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yameonesha kwamba mkoa wa Mwanza unaweza kuyahifadhi maarifa ya aina hiyo yakiwa mikononi mwa watu na si ndani ya kabati. Kwa mafundi wa reli hatua ya awali haihitaji injini yoyote. Inahitaji kinasa sauti, nyundo ya kugongea bolti, na orodha ya wastaafu wa karakana za Tabora na Mwanza ambao bado wanaweza kusimulia.